Sensa ya sukari ya mtoto iunganishwe na simu ya nani?

Mzazi mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza akisikia habari za sensa ya sukari, swali lake la kwanza huwa ni bei, na la pili ni kama inauma. Swali ambalo wachache hulifikiria kabla ya kufungua boksi ni hili: itaunganishwa na simu ya nani? Linaonekana dogo. Lakini katika nyumba nyingi za Mbagala, Chamazi au Bunju simu ya maana ni moja, ni ya baba, na hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Chamazi, wilayani Temeke, ambayo majina yake hayatatajwa kwa ajili ya mtoto. Binti ana miaka tisa na amekuwa akichomwa insulini tangu akiwa na miaka sita. Insulini, glukometa na stripu anavipata kliniki bila malipo, kupitia mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009, ambao Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizomo. Kwa wazazi wa watoto hawa mpango huo umekuwa mkombozi. Hata hivyo stripu za mwezi zina hesabu yake, na hazikuwahi kutosha kupima kila mara mama alipoingiwa na hofu. Hofu ya mama ilikuwa ya usiku. Binti aliamka asubuhi nyingine akiwa ameloa jasho, kichwa kinamuuma, halafu akipimwa sukari iko juu, 14 au 15. Mama akawa anaambiwa, na mwenyewe anajiambia, kwamba mtoto anakula ovyo.

Mjomba wa binti, anayefanya kazi Uingereza, alituma sensa mbili kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo.

Sensa yenyewe ni duara la ukubwa wa kizibo cha soda hivi, linalobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Chini yake kuna uzi mwembamba unaoingia kidogo tu ndani ya ngozi. Uzi huo hausomi damu. Unasoma sukari iliyo kwenye majimaji yanayozunguka seli, na ndiyo maana namba yake huwa nyuma ya damu kwa dakika tano mpaka kumi, na tofauti huonekana zaidi sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Iliyotumwa Chamazi ilikuwa FreeStyle Libre 2 ya kampuni ya Abbott. Toleo la kwanza la Libre liliingia sokoni Ulaya mwaka 2014, na lilitaka usogeze kisomeo chake au simu karibu na mkono ndipo namba ionekane. Libre 2 ikaongeza Bluetooth, ili simu ipige kengele yenyewe sukari ikishuka. Kila sensa hufanya kazi siku 14, kisha hujizima. Dexcom, ambayo ni kampuni nyingine inayojulikana kwa vifaa hivi, sensa zake za G6 na G7 zilitoka zikiwa za siku 10.

Kuibandika ni kazi ya sekunde chache, na binti alisema haikuuma kama sindano. Kazi ilikuwa kwenye simu.

Sensa ya namna hii huwashwa kwa NFC, ile ile inayofanya kadi ya benki isomeke kwa kugusishwa tu kwenye mashine. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa mitaani kwetu hazina NFC, hata kama zina kamera tatu na kioo kikubwa. Mama mmoja wa Bunju, upande wa Kinondoni, alilijua hilo baada ya kununua. Alikopa kwenye kikoba, akapata sensa mbili kwa ajili ya kijana wake wa miaka 12, akambandika, akaanza kusogeza simu mkononi mwa mtoto juu, chini, kushoto, kulia. Kimya. Fundi simu wa mtaani akamwambia anaweza "kuingiza NFC" kwa shilingi elfu ishirini. Huo ni uongo. NFC ni chipu na antena iliyomo ndani ya simu tangu kiwandani, haipakuliwi kama wimbo. Hela ya fundi iliokolewa na jirani mwenye simu nzuri zaidi, na kwa siku 14 kijana yule akawa anavuka uzio mara nne kwa siku kwenda "kusomwa". Siku jirani akiwa kwenye msiba Kibaha, hakusomwa.

Mzazi anayefikiria kununua aangalie kwanza kwenye mipangilio ya simu kama neno NFC lipo. Kisha atafute programu ya sensa husika na kuiingiza kabla ya kulipia chochote, kwa sababu programu hizi huonekana kulingana na nchi ya akaunti ya simu, na nyingine hukataa simu zenye mfumo wa zamani. Aangalie pia kipimo. Kliniki zetu husoma sukari kwa milimoli, yaani 5 au 8 au 12, na sensa nyingine huja na miligramu, ambazo ni namba hiyo mara 18. Mtu asiyejua akiona 90 anaweza kupiga kelele mtaa mzima usikie, kumbe ni 5 ya kawaida kabisa.

Simu ya baba

Chamazi hawakuwa na shida ya NFC. Baba anaendesha bajaji na simu yake ni nzuri kwa sababu ndiyo ofisi yake: wateja wanapiga humo, malipo yanaingia humo, ramani iko humo. Kwa hiyo sensa ya kwanza iliwashwa kwa simu ya baba. Walisubiri dakika 60 zinazotakiwa ili sensa ijiandae, namba ikatokea, 7.8, watu wakapiga makofi sebuleni.

Saa kumi na moja alfajiri baba akaondoka na simu, na namba zikaondoka naye.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hulisema kwa herufi ndogo. Sensa iliyowashwa kwa simu moja hufuata simu hiyo. Mama hakuweza kuisoma kwa simu nyingine ya nyumbani, hata kama ingekuwa na NFC. Na kumbukumbu ya Libre 2 ni saa nane tu. Usipoisoma ndani ya muda huo, taarifa za zamani hufutika ili za mpya zipate nafasi. Baba alikuwa anarudi saa tatu usiku. Akisogeza simu kwenye mkono wa binti, anapata mchoro wa kuanzia saa saba mchana. Asubuhi yote, pamoja na uji, shule na chakula cha mchana, haipo. Mchoro una pengo jeupe.

Usiku nao simu ilikuwa inalala chumbani kwa baba, imezimwa sauti, maana wateja wa bajaji hawana adabu ya saa. Programu iliomba ruhusa ya kulia hata simu ikiwa kimya. Baba alibonyeza "hapana" bila kusoma, kama watu wengi wanavyobonyeza.

Asubuhi ya siku ya nne aliisogeza simu kwenye mkono wa binti kabla ya kutoka, mchoro ukaja. Mstari ulikuwa umeshuka taratibu tangu usiku wa manane, ukaingia kwenye rangi nyekundu, ukakaa huko karibu saa nzima ukiwa 3.1, halafu ukapanda wenyewe kama mtu aliyekurupuka, mpaka 14 alfajiri. Kiwango ambacho chini yake mtoto anahesabiwa kuwa sukari imeshuka ni 3.9. Mwili wa binti ulikuwa umejiokoa kwa kumwaga sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, ndiyo maana aliamka na 14 na jasho. Mama akamwita mumewe arudi ndani. Wakakaa kitandani wote wawili wakiangalia ule mstari. Alikuwa hali ovyo. Kwa miezi, labda zaidi, mtoto alikuwa anazama usiku mita tatu kutoka walipolala.

Baba alichelewa kutoka siku hiyo.

Saa mbili ipi?

Mama alifanya jambo la busara, hakugusa dozi. Alichukua daftari la kliniki akanakili namba kutoka kwenye simu, moja baada ya nyingine, akaenda.

Muuguzi akapitisha kidole kwenye mistari. "Mama, hii ya saa mbili usiku, 3.1, alikuwa ameshakula?"

"Alikuwa amelala, sista."

"Saa mbili usiku kalala? Na hii 4.0 ya saa moja?"

"Wote tulikuwa tumelala."

Ilichukua muda kidogo kuelewana. Simu ilikuwa imeandika 02:00, mama akanakili "saa 2 usiku". Kwa Kiswahili hiyo ni saa nane usiku. Pangekuwa na haraka, na foleni za kliniki zina haraka, kosa hilo lingeweza kumgharimu mtoto. Binti alikuwa anachomwa aina mbili za insulini jioni: ile ya maji, inayofanya kazi na mlo, na ile yenye rangi ya maziwa, inayofanya kazi polepole. Sukari ikishuka saa mbili usiku, mtuhumiwa ni ya maji. Ikishuka saa nane usiku, mtuhumiwa ni ya maziwa, kwa sababu ikichomwa saa mbili usiku nguvu yake hupanda kuanzia saa nne baadaye na kuendelea mpaka karibu na alfajiri. Saa mbili na saa nane ni dozi mbili tofauti za kubadilisha.

Daktari alipunguza ile ya maziwa kidogo na kumwelekeza binti awe na kitafunwa kabla ya kulala. Tangu siku hiyo mama ananakili saa ya simu kama ilivyo, 02:00, na pembeni anaandika ya Kiswahili. Au anapiga picha ya kioo, ambayo ni rahisi zaidi na haikosei.

Si Chamazi peke yake. Watafiti waliwavalisha watoto na vijana wa Kenya na Uganda wenye kisukari aina ya kwanza sensa za Libre zisizoonyesha namba kwa mvaaji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha sukari zao zikiwa nje ya kiwango kinachotakiwa kwa sehemu kubwa ya siku. Hao ni watoto wanaohudhuria kliniki. Glukometa humwambia mzazi ukweli, ila ni ukweli wa dakika aliyotoboa kidole.

Simu ya bibi

Kabla ya sensa ya pili kufunguliwa, nyumba ilikaa kikao. Binti analala na bibi, mama mzazi wa baba. Kwa hiyo simu inayotakiwa ni ile inayolala chumba hicho na haiendi popote. Baba alikwenda Kariakoo akanunua simu ya mtumba yenye NFC. Alimwomba muuzaji awashe intaneti, akaingiza programu palepale kaunta, ikakubali, ndipo akalipa. Sensa ya pili ikawashwa kwa simu hiyo. Kila mtu anaiita simu ya bibi.

Bibi hasomi Kiingereza, lakini namba anazijua, na pembeni ya namba kuna mshale. Mshale ukilala, sukari imetulia. Ukitazama chini, inashuka, na ukisimama wima kuelekea chini inashuka kwa kasi. "Mimi naangalia mkuki," anasema. Kengele ikilia anamwamsha mtoto, anampima kidole, na kama ni kweli anampa maji yenye vijiko viwili vya chai vya sukari, kiasi walichopewa kliniki kwa uzito wa binti. Kisha anasubiri dakika 15 na kupima tena.

Hilo la kupima kidole baba hakulipenda mwanzoni. "Si tulisema hatutatoboa tena?" Lakini usiku wa pili wa simu ya bibi kengele ililia, namba 3.3, kidole kikasema 6.1. Binti alikuwa ameulalia mkono wenye sensa. Mkono ukigandamizwa, majimaji pale hupungua na sensa hudhani sukari imeshuka. Angenyweshwa sukari bure, na kila usiku. Kwa hiyo stripu haziachwi. Mzazi anayetaka kuuza glukometa kwa sababu amepata sensa asubiri kwanza.

Mipangilio iliwachukua jioni nzima, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa chaji, kwa hiyo programu ya sensa lazima itolewe kwenye utaratibu huo. Ruhusa ya kulia hata simu ikiwa kimya, safari hii walibonyeza "ndiyo". Bluetooth ya Libre 2 hufika mita sita hivi pasipo na kizuizi. Ukuta wa tofali huipunguza, basi simu inalala kwenye kiti kando ya kitanda, juu ya pawabenki, maana umeme Chamazi una tabia zake.

Kuhusu bando, kuna hofu isiyo na msingi. Namba kutoka mkononi kwenda kwenye simu hazitumii intaneti. Bando likiisha usiku wa manane, kengele bado italia. Intaneti inahitajika wakati wa kufungua akaunti, na pale unapotaka mtu mwingine aone akiwa mbali. Baba ameingiza LibreLinkUp kwenye simu yake, programu ya mfuatiliaji, na anaona namba za binti akiwa kijiweni Mbagala Rangi Tatu, mradi simu ya bibi ina bando. Mara mbili amepiga simu nyumbani kabla bibi hajasikia kengele. Bibi hakufurahia kukumbushwa kazi yake.

Shule bado ni kitendawili. Wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu, na binti anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Ni saa kumi, na sensa inakumbuka nane. Saa mbili za mwanzo hupotea kila siku. Upo uwezekano wa kutumia kisomeo chake maalumu, ambacho si simu, kikakaa kwa mwalimu, lakini kisomeo hicho lazima ndicho kianze kuwasha sensa, na simu iunganishwe baada yake. Ukianza na simu, kisomeo hakiingii tena. Kwa sasa mwalimu wa darasa ana glukometa kwenye droo na anajua dalili. Pengo la asubuhi wameamua kuishi nalo.

Jirani naye alikuwa na lake. Aliona kile kiduara mkononi mwa binti bombani akamvuta mama pembeni: "Shoga, umemwekea mtoto kijiti? Miaka tisa?" Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona ni vyema kumweleza, maana neno la namna hiyo Chamazi halilali njaa. Sasa mikono ya gauni la shule imeshonwa iwe mirefu kidogo.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kuona kupita kiasi. Wiki ya kwanza mama alisoma namba zaidi ya mara 40 kwa siku. Wali wa mchana ukipandisha sukari hadi 15, mkono unamwasha kuongeza insulini, na saa moja baadaye tena, wakati ile ya kwanza haijamaliza kazi. Insulini ya maji hufanya kazi saa kadhaa. Dozi zikipandana, mtoto huanguka jioni. Muuguzi aliwapa sharti kwamba sindano ya ziada ni kwa kuelekezwa na kliniki tu, na mchoro usomwe kwa siku tatu kabla ya kulaumu chakula chochote.

Na bei? Uingereza sensa moja ya Libre 2 ilikuwa ikiuzwa takriban pauni 50, zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Mwaka una siku za kutosha sensa 26. Huko tangu mwaka 2022 mwongozo wa afya unasema kila mwenye kisukari aina ya kwanza apatiwe sensa, na serikali ndiyo inayolipa. Dereva wa bajaji hawezi kununua 26. Anaweza labda mbili au tatu kwa mwaka, kwa msaada wa ndugu, na hapo ni bora zitumike kwa kusudi: dozi inapobadilishwa, mtoto anapoanza shule mpya, usiku unapoanza kutia shaka. Kununua moja bila mpango, ikawashwa kwa simu isiyo nyumbani, ni kubandika kizibo ghali mkononi mwa mtoto.

Sensa ya pili ilijizima Jumapili saa nne asubuhi, siku ya 14, kama ilivyoahidi. Siku kumi za mwisho mstari haukuingia kwenye nyekundu usiku hata mara moja. Mjomba amesema atajaribu kutuma nyingine mwisho wa mwaka. Simu ya bibi imebaki kwenye kiti kilekile, na mama ameiwekea alamu ya saa 02:00, Jumatano na Jumamosi, kwa ajili ya glukometa. Stripu mbili kwa wiki, amehesabu, zinatosha mpaka tarehe ya kliniki.